Akili ya Kuazima

Likizo iliyopita mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa insha juu ya maisha ya Shaaban Robert. Mimi, kwa uvivu, niliiuliza akili mnemba katika simu ya kaka yangu, nikanakili yote.

Shule ilipofunguliwa mwalimu akaniita mbele ya darasa. “Shaaban Robert alizaliwa Lamu?” Nikainamisha kichwa. Kumbe alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909! Chombo kile huunga maneno yaelekeayo kufuatana, wala hakioni haya kikikosea. Haya zilinipata mimi.

Sasa naandika kwanza mwenyewe, kisha nakiomba kinionyeshe makosa, nami nayahakiki vitabuni. Wenzangu, nguo ya kuazima haisitiri mwili. Na akili vivyo hivyo.