Jumamosi ya Norwood na Benchi la Kwetu

Mzee tunayepakana naye ukuta ni shabiki wa Norwood, klabu ya hapa Adelaide, tangu akiwa mtoto wa shule, na ndiye aliyenipeleka uwanjani mara ya kwanza. Aligonga mlango saa nne asubuhi, kashika skafu mbili za nyekundu na buluu, moja yake na moja yangu. Akasema leo wanakuja Crows.

“Mzee, Crows si wanacheza kesho kule Adelaide Oval? Nimeona kwenye televisheni.”

Akacheka. “Hao ni wale wakubwa. Leo wanakuja waliobaki.”

Neno hilo, waliobaki, halijanitoka kichwani hadi leo. Kwetu Tanzania waliobaki hawaendi popote. Wanavaa tisheti ya klabu, wanakaa jukwaani, wanatafuna karanga na kuangalia simu.

Kwa ambaye hajauona mchezo wa Waaustralia, nieleze haraka. Kila upande una watu 18. Uwanja ni wa duara refu, ule ule wa kriketi wakati wa kiangazi. Kila goli lina milingoti minne, na mpira ni mfano wa yai. Ukiupiga ukapita kati ya ile miwili mirefu unapata pointi sita, ukipita pembeni yake unapata moja, kama pole. Wenyewe wanauita futi, na mpaka leo nikisikia neno hilo namwona fundi seremala wa Keko na penseli yake sikioni. Ligi ya nchi nzima ni AFL, na Adelaide ina klabu mbili humo: Crows walioingia 1991 na Port Adelaide walioingia 1997. Chini yake kuna ligi ya jimbo, SANFL. Huku chini ndiko kwenye umri: ligi hii ilianza 1877 na Norwood yenyewe 1878.

Klabu ya AFL ina wachezaji zaidi ya 40 kwenye orodha, na siku ya mechi wanaohitajika ni 23. Ukitoa majeruhi, wanabaki watu wazima kumi na kitu wenye mishahara mikubwa na hawana mechi. Tangu 2014, Crows na Port wanawashusha watu hao ligi ya jimbo wakiwa timu kamili, na jezi yao na kocha wao, na mapengo wanayaziba kwa vijana wa hapa hapa waliosajiliwa kwa kazi hiyo.

Siku ile kulikuwa na mmoja mrefu kama mnazi ambaye wiki mbili nyuma nilimwona kwenye televisheni, uwanja umefurika watu zaidi ya 40,000. Sasa anavuta soksi zake kwenye matope, mita tano kutoka nilipokaa na pai yangu ya nyama, na mvua ya Julai inatunyeshea sote bila ubaguzi. Aliyepewa kazi ya kumkaba alikuwa kijana wa Norwood ambaye siku za wiki ni fundi umeme. Najua kwa sababu mzee alinieleza kwa fahari kuwa ndiye aliyemfungia taa za jikoni. Kila fundi umeme alipomnyang'anya mpira yule wa televisheni, jukwaa zima lilisimama. Aliponyang'anywa yeye, nilisikia sauti ya bibi mmoja nyuma yangu: “Usijali mwanangu, huyo analipwa.”

Nikaikumbuka Tandika.

Kabla sijaondoka Dar, nilikwenda kuangalia fainali ya ndondo kwenye uwanja wa vumbi. Beki wa klabu moja ya Ligi Kuu, ambayo sitaitaja, aliletwa kwa bajaji iliyoshushwa turubai pande zote kama imebeba maharusi. Alikuwa na miezi mitano hajacheza mechi ya maana. Msema chochote akamtangaza kwenye kipaza sauti kwa jina la bandia na uwanja mzima ukaangua kicheko, maana hata muuza kashata alimjua. Alicheza vizuri mno. Kipindi cha pili, akiwa peke yake, hakuna hata aliyemgusa, akaanguka na kushika goti. Bajaji ile ile ikamrudisha. Klabuni, nilivyosikia baadaye, alisema ameteleza bafuni.

Mkataba wake ulimkataza ndondo, na kwa haki kabisa. Lakini mkataba huo huo haukumpa pengine pa kuchezea. Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka kuizungumzia. Klabu zetu zina timu za vijana na kuna ligi ya chini ya miaka 20, na haikosi matunda: Clement Mzize alipanda kutoka kikosi cha vijana cha Yanga akawa straika wa kutegemewa. Ila mtu wa miaka 24 hawezi kurudi huko. Njia zake ni mbili, kusugua benchi au kwenda kwa mkopo, na mkopo nao tunaujua ulivyo. Unafanywa dirisha dogo, dakika za mwisho, wakati mwingine mchezaji mwenyewe anausoma kwenye Instagramu. Akifika kule anakopelekwa, siku timu hiyo ikikutana na klabu mama mara nyingi haruhusiwi kucheza. Mashabiki nao hawakosi neno: hilo ni tawi la fulani.

Sasa msiniwekee maneno mdomoni kwamba nimekuja Adelaide nikaona kila kitu cha hapa ni dhahabu. Nilipoanza kuuliza, nikakuta kumbe Waaustralia wenyewe wamenuna.

Mzee ndiye aliyenifungua macho, wakati wa mapumziko, watoto wamejaa uwanjani wakipigiana mipira yao. Nilimuuliza kwa nini hakuna anayewashangilia Crows wakati nusu ya watu waliokaa pale kesho yake watawashangilia Crows wakubwa. Akanijibu kuwa zamani hao waliobaki walikuwa wetu. Kabla ya 2014, mchezaji wa Crows au Port asiyepangwa hakukaa bure. Kila mmoja alikuwa amegawiwa klabu moja ya jimbo: huyu Norwood, yule Glenelg, mwingine Sturt. Akiachwa kwenye kikosi cha AFL, Jumamosi anavaa jezi ya mtaa aliogawiwa, anafundishwa na kocha wa mtaa huo, na akifunga goli, goli ni la mtaa. Mzee alinitajia majina sita ya watu waliopita hivyo Norwood. Aliyataja kama mtu anayetaja wakwe zake.

Waliokerwa na mpango huo ni makocha wa AFL. Unamgharamia beki mwaka mzima, unamfundisha mfumo wako, halafu kocha wa jimbo anamweka mbele kwa sababu siku hiyo kapungukiwa washambuliaji. Kocha wa jimbo naye ana kombe lake la kutafuta. Mpaka wakati huo leseni za Crows na Port zilikuwa mikononi mwa SANFL yenyewe. Zilipotoka, na mechi za AFL zikahamia Adelaide Oval mwaka huo huo wa 2014, wakubwa wakapata walichokitaka, yaani timu zao kamili huku chini.

Habari ya Port ndiyo iliyonikaa zaidi. Klabu hii ilianzishwa 1870. Katika ligi ya jimbo imechukua ubingwa mara 36. Ilipopanda AFL 1997, ile Port ya zamani, Magpies, yenye jezi ya mistari myeusi na myeupe wanayoiita nondo za gereza, ilibaki SANFL kama klabu inayojitegemea, na mashabiki wake na kelele zake. Mwaka 2014 ikageuzwa timu ya akiba ya ile iliyopanda. Kwa sisi tufikirie hivi: Yanga ya 1935 iunde timu ya kucheza ligi ya Afrika nzima, halafu ile ya Jangwani, na njano na kijani yake, iambiwe kuanzia leo wewe ni Yanga B. Kinachochekesha, au kusikitisha, ni kwamba timu ya AFL haiko huru kuivaa ile jezi ya nondo itakavyo, maana Collingwood ya Melbourne inadai nyeusi na nyeupe ni zake. Kwa hiyo jezi ya mababu wa Port inavaliwa kila wiki na waliobaki.

Na jimbo liliwasubiri. Mwaka ule ule wa kwanza Magpies wakafika fainali, Norwood wakawafunga kwa tofauti ya pointi 4. Mzee anaisimulia fainali hiyo kwa mikono, mpaka chai inamwagika. Mwaka 2017 wakafika tena, Sturt wakawafunga kwa pointi 1. Mwaka 2019 wakafika tena, wakafungwa na Glenelg. Crows B na Port B walimaliza miaka kumi ya mwanzo bila kombe hata moja. Watu wa hapa hujivunia hilo kuliko ubingwa wenyewe.

Kule Perth walijaribu njia nyingine, ndoa. Fremantle walifunga mkataba na klabu ya Peel Thunder ya Mandurah, timu changa ambayo tangu iingie ligi ya jimbo lake, WAFL, 1997, ilikuwa haijawahi kunusa ubingwa. Waliobaki wote wa Fremantle wakaelekezwa huko kuanzia 2014. Mwaka 2016 Peel bingwa, mwaka 2017 Peel bingwa. Misimu yote miwili Fremantle wenyewe walishindwa kufuzu hatua ya mtoano ya AFL, kwa hiyo wachezaji walikuwa tele. Binamu yangu anayeishi Perth anasema ukitaka kuharibu nyama choma ya watu huko, taja ubingwa wa Peel.

Hata hivyo, siwezi kuandika haya nikaruka jina la Aliir Aliir. Sisi Waswahili wa hapa, wengi wetu Wakongo na Warundi waliopitia kambi za Kigoma, tunamwita wa kwetu bila kumwomba ruhusa. Wazazi wake ni wa Sudan Kusini, na yeye alizaliwa kambi ya Kakuma, Turkana, mwaka 1994. Klabu ya Sydney Swans ilimchukua mwishoni mwa 2013, akiwa mchezaji wa ligi ya jimbo kule Perth. Misimu miwili mizima, 2014 na 2015, hakugusa mechi hata moja ya AFL. Alicheza timu ya akiba ya Swans, kwenye ligi iliyochanganya akiba za wakubwa na klabu za kawaida za Sydney, Canberra na Queensland. Mwaka 2016 akapangwa. Mwishoni mwa 2020 akahamia Port, na msimu wa 2021 akatajwa katika kikosi bora cha nchi nzima. Mchezaji wa namna hiyo, aliyechelewa kuujua mchezo, asingepona kwa kukaa jukwaani miaka miwili. Mechi za Jumamosi ndizo zilizomtengeneza. Mwanangu wa miaka tisa anajua alama za mkono za refa wa futi kuliko anavyojua kufunga kamba za viatu, na sababu ni Aliir.

Kwa hiyo nashika upande gani? Nashika upande wa mzee. Waliobaki wapate mechi kila wiki, lakini wazicheze katika jezi ya mtaa. Timu B ya mkubwa ikiingia ligi ya wadogo inakula nafasi ya timu moja, haina watu wake, na siku ikitwaa kombe hakuna atakayelisherehekea. Sitaki kuiona Simba B wala Yanga B ikienda Songea kucheza Championship mbele ya watu waliotaka kuona timu yao na timu ya mkoa jirani.

Najua kanuni za FIFA haziruhusu kumkopesha mtu Ijumaa na kumrudisha Jumatatu kama sufuria ya shughuli. Mkopo unakwenda na dirisha la usajili. Lakini hakuna kanuni inayolazimisha mikopo yetu iwe ya kificho. Klabu kubwa inaweza kutangaza mapema, mwanzoni mwa msimu, kwamba hawa sita hatutawatumia, nani anawataka, mshahara tutagawana, na waruhusiwe kucheza hata dhidi yetu. Timu za Championship zitapanga foleni. Mashabiki wa Tanga au Kigoma watawalea kama wa kwao, na wakirudi Dar watawafuatilia, kama mzee wangu na wale sita wake.

Yule beki wa Tandika hakurudi tena Ligi Kuu. Mara ya mwisho nilipoulizia, goti lilikuwa limepona na anaendesha bajaji yake mwenyewe, ruti ya Tandika na Buza. Viongozi wa klabu mnaosoma hapa, orodha ya waliobaki mnayo mezani. Wapeni barua, waende wakacheze mchana kweupe.