Daftari la Marehemu Katika Kompyuta Iliyotusahau

Deni la marehemu haligawanywi, hulipwa. Hutangulia gharama za mazishi, yakafuata madeni, kisha wasia ukatekelezwa, ndipo warithi wakaketi kugawana kilichobaki. Hakuna nyumba ya Kiislamu isiyoujua utaratibu huu. Ugumu huwa kwingine: kujua marehemu alidaiwa na nani, kiasi gani, na ushahidi wake uko wapi. Wazee wetu waliyaandika hayo katika madaftari yenye jalada gumu, wakayatia sandukuni pamoja na hati za nyumba. Siku hizi sanduku hilo aghalabu ni kompyuta, na ufunguo wake ni neno la siri.

Marehemu baba yetu alikuwa na duka la vifaa vya shule huko Ngamiani, Tanga. Alikuwa mtu wa mpangilio. Kompyuta ya duka aliipanga kama alivyozipanga rafu zake. Nyuma aliweka picha ya mashua zilizotia nanga, aliyoipiga mwenyewe. Upande wa kushoto zilikaa programu alizozitumia kila siku. Na juu kabisa upande wa kulia, peke yao, mafaili matatu yenye majina ya herufi kubwa: WANAONIDAI, NINAOWADAI, AMANA ZA WATU. Alituonyesha sote, tena mara nyingi kiasi cha kutuchosha. “Nikiondoka msihangaike kutafuta,” alikuwa akisema. “Washeni tu, mtaona.”

Wiki ya tatu baada ya msiba, mama yetu akiwa ndani ya eda, ami yetu ambaye ndiye msimamizi wa mirathi alikuja baada ya Alasiri kuyachukua majina. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara mbili tangu asubuhi. Tuliileta kompyuta sebuleni ili mama naye ashuhudie. Tukaiwasha, tukaandika neno la siri, likakubaliwa. Kisha ukatokea uso tusioujua. Mashua hazikuwapo. Mafaili matatu hayakuwapo. Palikuwa na rangi tupu ya buluu na alama ya pipa la taka, mithili ya kompyuta iliyotolewa kwenye boksi siku ile ile. Ilitukubali kwa neno la siri, lakini haikututambua.

Kwa muda hakuna aliyesema. Kisha wakasema wote. Ami aliuliza kama kuna mtu aliyeingia dukani. Kaka yetu alivuta kiti, akataka tuandike upya orodha pale pale kwa kukumbuka, kila mmoja ataje jina analolijua. Mdogo wetu wa kike, ambaye yuko kidato cha tano, ndiye aliyetuzuia. Pembeni mwa skrini ulikuwa umejitokeza ujumbe wa Kiingereza, naye akautafsiri kwa sauti: kwamba tumeingizwa kwa profaili ya muda, kwamba hatuwezi kuyafikia mafaili yetu, na kwamba faili lolote tutakalolitengeneza humo litafutwa tutakapotoka. Lau tungeketi usiku kucha kuandika majina, asubuhi tungeyakosa.

Tulimwita kijana fundi kompyuta wa mtaani. Ni kijana mwema na mwepisi wa mikono. Aliitazama dakika moja, akasema, “Hii ni ya kupigwa Windows upya tu, bi mkubwa. Nusu saa.”

Mama alimuuliza, “Ukishapiga, mwanangu, vilivyokuwemo vitabaki?”

“Mbona vimeshapotea, mama.”

“Umejuaje kuwa vimepotea, nawe hujavitafuta?”

Swali hilo ndilo lililoiokoa orodha. Fundi alinyamaza, akavuta kiti chake karibu zaidi. Mdogo wetu akafungua mahali panapoonyesha ukubwa wa diski. Diski ilikuwa ya GB 500, na zilizokwisha kutumika zilikuwa zaidi ya 300, kiasi kile kile cha siku zote. Nyumba iliyohamwa haibaki imejaa vyombo. Ikiwa mizigo ya baba ingali imechukua nafasi yake, basi iko mahali, ila sisi tumeingizwa kwa mlango mwingine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na inafaa tueleze kwa utulivu, maana jambo hili huzipata kompyuta nyingi za Windows na huwatia watu hofu isiyolingana nalo. Kila mtumiaji wa kompyuta hutengewa folda yake ndani ya folda kubwa iitwayo Users, katika diski ya C. Humo hukaa nyaraka zake, picha zake, na vyote alivyoviweka kwenye uso wa kompyuta. Pamoja navyo limo faili moja lililofichwa, liitwalo NTUSER.DAT, ambalo hutunza mazoea yake: picha ya nyuma, mpangilio, lugha, na namna programu zake zinavyofanya kazi. Mtu akiandika neno la siri, Windows hulifungua faili hilo na kumpangia chumba chake kama alivyokiacha. Faili hilo likigoma kufunguka, Windows haimfukuzi mwenye nyumba. Humpa chumba cha wageni, kitupu na safi, na akishatoka hukifagia. Chumba hicho ndicho profaili ya muda.

Sababu za kugoma ni kadhaa. Umeme ukikatika ghafla wakati faili linaandikwa, laweza kuharibika. Programu ya kuzuia virusi yaweza kuwa imelishikilia kwa ukaguzi wakati huo huo mtumiaji anapoingia. Diski yaweza kuwa imeanza kuchoka, au ruhusa za folda zimevurugika. Wakati mwingine ni sasisho la mfumo: Februari 2020, baada ya sasisho moja la Windows 10, watumiaji katika nchi mbalimbali walijikuta mbele ya uso mtupu kama wetu, na wengi wao wakayakuta mafaili yao katika folda iliyobadilishwa jina.

Tulipoifungua folda ya Users tulikuta folda mbili. Moja iliitwa TEMP, nayo ndiyo chumba cha wageni tulichokuwa tumekalishwa. Ya pili ilikuwa na jina la baba yetu. Kompyuta ilituuliza kama tunataka ruhusa ya kuingia, tukakubali. Ndani yake, katika folda ya Desktop, majina matatu ya herufi kubwa yalikuwa yametulia kama alivyoyaacha mwenyewe. Mama alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Ami alisema Alhamdulillah, kisha akamwambia fundi, “Kabla hujagonga kitu kingine chochote, nakili.”

Agizo hilo ndilo hatua ya kwanza ya matengenezo yenyewe, na watu wengi huiruka. Tulichomeka flashi, tukanakili folda nzima ya nyaraka na ile ya Desktop, tukazifungua nakala kwenye kompyuta mpakato ya kaka yetu ili kuhakikisha zinasomeka. Hapo ndipo tulipomruhusu fundi aanze kutengeneza. Aliye katika hali hii na analazimika kuandika jambo la haraka, alihifadhi kwenye flashi au kwenye diski nyingine, asilihifadhi kwenye uso ule wa kompyuta wala katika folda ya nyaraka anayoiona mbele yake, kwani hizo ni za chumba cha wageni na zitafagiwa.

Tiba ya mwanzo ni nyepesi: kuizima kompyuta kwa utaratibu na kuiwasha tena. Ikiwa faili lilishikiliwa tu na programu nyingine, huachiliwa, na kila kitu hurejea. Tuliiwasha mara ya pili, mashua zikarudi bandarini. Fundi akaaga. Lakini kesho yake asubuhi ule uso wa buluu ulikuwa umerudi, na mara hii kuzima na kuwasha mara tatu hakukusaidia. Tatizo linalokuja na kuondoka huashiria chanzo kilichobaki chini, nasi tuliamua kukitafuta.

Fundi alirudi bila kinyongo. Alianza kwa kuikagua diski kwa programu ya ukaguzi iliyomo ndani ya Windows, kazi iliyochukua zaidi ya saa moja, nayo ikakuta hitilafu chache ikazirekebisha. Kisha akaingia katika rejista ya Windows, ambayo ni daftari kuu la mfumo mzima, na kabla ya kuligusa akatoa nakala yake. Humo kuna mahali paitwapo ProfileList, ambapo kila mtumiaji ameandikwa kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21. Namba ya baba yetu ilikuwapo mara mbili. Moja ilikuwa kamili, na nyingine ilikuwa na herufi za bak mwishoni, zikitanguliwa na nukta. Yenye bak ndiyo ya asili, iliyoelekeza kwenye folda ya baba. Ile isiyo nayo ilikuwa ya muda, ikielekeza kwenye TEMP. Mfumo uliposhindwa kumfungulia mwenyewe, ulimsogeza kando na kumwandika mgeni mahali pake.

Fundi alilibadili kwanza jina la ile ya muda ili isigongane na nyingine, kisha akaiondolea ya asili zile herufi za bak. Akahakikisha inaelekeza kwenye folda sahihi, na thamani mbili ziitwazo State na RefCount akazirudisha kuwa sifuri. Akawasha upya. Mashua zikarudi, na tangu siku hiyo hazijaondoka. Twasisitiza kwamba rejista si mahali pa kujaribia bahati. Herufi moja iliyokosewa huweza kuizuia kompyuta isiwake kabisa. Asiye na uzoefu na amwite mwenye nao, lakini amwite akiwa na nakala mkononi na akijua la kumuuliza.

Iwapo faili la mazoea limeharibika kiasi cha kutotengenezeka, bado haikosekani njia. Hufunguliwa akaunti mpya ya mtumiaji, na nyaraka za zamani hunakiliwa kuingia katika akaunti hiyo, isipokuwa lile faili bovu lililofichwa. Kitakachopotea ni picha ya nyuma na mpangilio. Kwa mfiwa hata hicho si kidogo, nasi hatudharau. Mama yetu alipoziona zile mashua alikaa mbele yake kitambo bila kugusa kitu. Lakini mpangilio ni wa marehemu na haki ni za watu, na haki za watu ndizo hutangulia.

Jumatatu ya wiki hiyo alikuja bibi mmoja mkongwe, muuza vitumbua wa jirani na duka. Kwa sababu mama alikuwa kwenye eda, aliingia ndani wakakaa wawili. Alieleza, kwa haya nyingi, kwamba alikuwa akimwekea marehemu akiba yake kidogo kidogo kwa ajili ya kuezeka upya banda lake. Hakuwa na karatasi. Kwa hesabu yake ilikuwa shilingi 180,000. “Kama hamna habari nazo, mwanangu, nisameheni,” alisema. “Nimeona nisinyamaze tu.”

Tuliifungua AMANA ZA WATU. Jina lake lilikuwa la nne. Mbele yake baba alikuwa ameandika tarehe na kiasi cha kila mara, na jumla yake ilikuwa shilingi 230,000. Bibi alikuwa ameisahau mara ya mwisho, shilingi 50,000 alizoleta wiki mbili kabla ya msiba. Ami alizihesabu mbele yake. Bibi alizihesabu tena mwenyewe, akataka kuturudishia zilizozidi, tukamsomea tarehe mpaka akakumbuka siku yenyewe, kwamba ilikuwa ya mvua na baba alimwazima mwavuli. Mwavuli aliurudisha kesho yake.

Tulipokuwa peke yetu hatukuweza kuacha kuwaza juu ya ile nusu saa ya kupiga Windows. Fundi hakuwa na nia mbaya. Aliuona uso mtupu akadhani nyumba ni tupu. Kama si swali la mama, bibi yule angeondoka na 180,000 kwa ukarimu wetu, tukajisifu kuwa tumemwamini, ilhali tumebaki na 50,000 zake. Na wale wengine wasio na ujasiri wa kuja kubisha hodi wasingepata chochote.

Orodha zile sasa ziko mahali patatu: katika kompyuta, katika flashi anayoitunza mama, na katika karatasi aliyoichapisha ami, yenye saini za mashahidi wawili. Kompyuta yenyewe imewekewa kifaa cha kuhifadhi umeme, ili ukikatika tupate dakika chache za kuizima kwa utaratibu. Ami huja kila Ijumaa na karatasi yake na kulipigia mstari kila jina lililolipwa. Hadi tunaandika makala haya yamebaki majina mawili. Mmoja ni mwalimu aliyehamishiwa mkoa mwingine, naye tumeahidiana siku. Wa pili ni mtu wa Pangani aliyeacha shilingi 75,000, na namba ya simu iliyoandikwa mbele ya jina lake haipatikani. Tunaendelea kumtafuta.