Jina la Mungu Midomoni Mwetu

Ulimi hauna mfupa, walisema wazee wetu, walakini mifupa mingi imevunjwa kwa ajili yake. Nimeukumbuka msemo huo mara nyingi muhula huu, kwa sababu katika bweni letu yamezuka maneno mengi juu ya jambo moja. Je, mtu akilitaja jina la Mungu ovyo, au akasema neno la kufuru mbele yetu, yatupasa tuchukizwe? Na kama yatupasa, chuki hiyo iishie wapi? Wako wasemao kuwa mkosaji apelekwe mara moja mbele ya Mwalimu Mkuu. Wako wengine wasemao kuwa Mungu hana haja ya kutetewa na wanafunzi wa Kidato cha Nne. Nami naomba nafasi katika gazeti letu niseme yaliyo moyoni mwangu, maana jambo lenyewe ni zito kuliko lionekanavyo.

Kwanza yafaa tutenganishe maneno. Lugha yetu ni tajiri, wala haikuyatia mambo haya yote katika kapu moja. Kuapa si kulaani, kulaani si kutukana, na kutukana si kukufuru. Aapaye humwita Mungu awe shahidi wake. Alaaniye humwomba Mungu amdhuru mwenziwe. Atukanaye hutafuta kumwaibisha mtu. Akufuruye humvunjia heshima Mungu mwenyewe. Ugomvi mwingi niliousikia bwenini ulitokea kwa sababu mmoja aliapa tu, na mwingine akamhukumu kana kwamba amekufuru.

Tuanze na kuapa, maana ndiko kulikozoeleka. Atakaye ushahidi na asimame katika foleni ya bwalo jioni moja. "Wallahi, mimi nilikuwa mbele yako." "Haki ya Mungu, sikuchukua kijiko chako." "Mungu mmoja, ule mpira haukuvuka mstari." Muumba wa mbingu na nchi ameitwa mara tatu, kwa muda wa dakika tano, ashuhudie kijiko na mpira. Wengine kwa kuliogopa jina hulikata katikati wakasema "Haki ya nani," kama kwamba anayesemwa hatajitambua.

Mimi kwa baba ni Waislamu na kwa mama ni Wakristo, na pande zote mbili nimelelewa kuwa kinywa si mlango wa soko. Bibi mzaa baba, mtu akimwapia kuwa deni atalilipa kesho, humwambia kwa upole, "Mwanangu, ikiwa wasema kweli, mbona wamsumbua Mungu?" Babu mzaa mama ni mzee wa kanisa. Yeye hasemi kitu, ila huondoka barazani akaenda kutazama mbuzi wake, na aliyeapa hubaki peke yake na kiapo chake.

Wote wawili wana msingi. Katika zile Amri Kumi imo ikatazayo kulitaja jina la Mungu bure. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, Yesu awafundisha wafuasi wake wasiape kabisa, bali ndiyo yao iwe ndiyo, na siyo yao iwe siyo. Kurani nayo yaonya katika Sura ya Pili kuwa jina la Mungu lisifanywe kisingizio cha viapo, kisha yaeleza kuwa Mungu hamshiki mtu kwa kiapo cha upuuzi kilichomponyoka, bali kwa kile ambacho moyo umekikusudia. Na katika Sura ya Tano imewekwa kafara ya kiapo cha kweli kilichovunjwa: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Natazama gharama hiyo na kujiuliza: wangapi kati yetu wangeapia penalti kama wangejua kuwa kesho watawalisha watu kumi?

Basi, je, viapo hivi vya mazoea vituudhi? Kwa maoni yangu vituhuzunishe kidogo, wala visitughadhibishe. Hasara yake si kwa Mungu. Hasara ni kwetu sisi, maana noti zikichapwa kupita kiasi thamani ya fedha hushuka, na kiapo nacho ni hivyo hivyo. Nchi yetu yategemea kiapo. Tarehe 5 Novemba 2015 Rais John Magufuli aliapa akiwa ameshika Biblia, na tarehe 19 Machi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliapa akiwa ameshika Kurani. Mahakamani shahidi hasikilizwi kabla hajaapa au kuthibitisha kuwa atasema kweli. Kijana aliyezoea kuliapia jina hilo kwa ajili ya kijiko, siku atakaposimama kizimbani kushuhudia juu ya shamba la mjane, atakuwa na neno gani zito la kusema?

Sasa tuje kwenye kufuru ya kusudi, yaani neno lisemwalo ili mwenye imani aumie. Hapa naachana na wale wenzetu wasemao kuwa maneno ni upepo. Mtu akimtukana mama yako hadharani, je, utasema ni upepo? Huwezi, ingawa mama hakusikia, wala tusi halikumpunguzia kitu. Umeumia kwa sababu wampenda. Na kwa mtu aaminiye, Mungu ni mpenzi kuliko mama. Kwa hiyo kuchukizwa si ushamba wala si ujinga. Ni alama kuwa moyoni mna kitu cha thamani. Kurani yenyewe, katika Sura ya Sita, yawakataza Waislamu kuvitukana vinavyoabudiwa na watu wengine, wasije wale nao wakamtukana Mungu bila kujua. Kwangu hilo ni fundisho kubwa: mwenye kulinda heshima ya dini yake na aanze kwa kulinda ulimi wake juu ya dini ya jirani.

Serikali nayo imeliona jambo hili. Kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania chasema kuwa mtu akitamka neno, au akitoa sauti, au akifanya ishara kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mwenziwe, ametenda kosa, na aweza kufungwa mwaka mmoja. Angalia, msomaji, kuwa sheria yatazama kusudi. Haimshiki aliyejikwaa ulimi.

Walakini chuki isiyo na kipimo huzaa maovu makubwa kuliko kufuru iliyoileta. Sisi Watanzania tuna mfano wetu wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto walibishana juu ya Kurani, na katika ubishi huo mmoja wao akakinajisi Kitabu hicho kwa mkojo. Lilikuwa ni tendo baya, hapana shaka. Habari zikaenea, watu wakakusanyika kwenye kituo cha polisi wakitaka wakabidhiwe mtoto yule. Polisi walipokataa, makanisa kadhaa yakashambuliwa na kuharibiwa. Waliosali katika makanisa yale hawakuwa wametenda kosa lolote. Ubishi wa watoto, ambao wazazi wawili na walimu wawili wangeweza kuumaliza barazani kwa radhi na maonyo, uligeuka kuwa moshi wa mabomu ya machozi.

Wala tusidhani kuwa hayo ni ya huku kwetu tu, au ya dini moja. Katika mji wa Edinburgh, huko Uskoti, aliishi mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeitwa Thomas Aikenhead, kijana wa miaka kama 20. Alikuwa akipiga soga na wenziwe na kuyafanyia dhihaka mambo ya Biblia. Usiku mmoja wa baridi, walipokuwa wakipita karibu na kanisa, alisema kuwa anatamani angekuwa katika jehanamu ili apate joto. Ni mzaha kama ile tunayoisikia bwenini kila wiki. Waliotoa ushahidi juu yake walikuwa wanafunzi wenzake. Kijana aliomba radhi, akatubu, akataja udogo wa umri wake. Wakuu wa serikali wakasema hawatamsamehe ila kanisa limwombee, na kanisa halikumwombea. Tarehe 8 Januari 1697 alinyongwa. Baada yake hakuna mwingine aliyenyongwa kwa kufuru katika Uingereza yote. England na Wales zilifuta kosa hilo katika sheria mwaka 2008, na Uskoti ikapitisha sheria ya kulifuta mwaka 2021. Mimi nina miaka 17, na kila niisomapo habari hii huwafikiria zaidi wale mashahidi kuliko hakimu. Walirudi chuoni, wakaketi mahali pao, na nafasi moja ilikuwa tupu.

Nimeyataja haya kwa sababu mwaka huu sisi nasi tuliitwa kuwa mashahidi. Mwenzetu mmoja aliitwa ofisini alasiri, akaambiwa kuwa mama yake amefariki. Hakukuwa na gari hadi kesho yake. Usiku, taa zilipokwisha kuzimwa, alisema kwa sauti kubwa kuwa Mungu hana macho, na kama anayo basi hakuyafumbua. Bweni zima lilinyamaza. Kisha mmoja akasema, "Astaghafirullah," na mwingine akasema kuwa maneno kama hayo hayavumiliki, asubuhi yapelekwe kwa mwalimu wa zamu. Kiranja wa bweni hakujibu neno la dini. Alilishusha godoro lake, akalitandika sakafuni kando ya kitanda cha yule mwenzetu, akalala pale hadi kengele.

Asubuhi wawili walikwenda kweli kwa mwalimu wa zamu, wakaeleza yote. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Mmekwisha kumpa pole?" Walikuwa hawajampa. Walirudi bwenini, na mmoja wao ndiye aliyembebea mwenzetu sanduku lake mpaka barabarani.

Sijui kama kuna somo la dini lililowahi kunifunza zaidi ya swali lile. Maana nilikwenda kukisoma tena kitabu cha Ayubu, mtu ambaye Waislamu na Wakristo wote wamheshimu kwa subira. Katika Biblia, Ayubu apotewapo na wanawe na mali zake, ailaani siku aliyozaliwa na kuhojiana na Mungu kwa maneno makali mno. Rafiki zake wamshutumu, na kila mmoja amtetea Mungu kwa hotuba ndefu. Lakini mwishoni Mungu awakasirikia hao rafiki, na kuwaambia kuwa Ayubu atawaombea. Ikiwa ndivyo, yatupasa tuwe na hadhari kubwa kabla ya kulitia neno la mtu mwenye msiba katika daftari la kufuru. Kilio na dhihaka huweza kutumia maneno yale yale. Sikio pekee haliwezi kuvitenganisha. Hutakiwa na moyo pia.

Hivyo jibu langu kwa mabishano ya bwenini ni hili. Kwa yule aapaye kwa mazoea, tumkumbushe kwa utani au kwa upole, kama afanyavyo Bibi, wala tusimwite kafiri. Kwa yule akufuruye ili kutuumiza, tusione haya kumwambia kuwa ametuumiza; tumwambie uso kwa uso, na akizidi tumwache na mkutano wake, maana mwenye kusema dhihaka pasipo msikilizaji huchoka upesi. Asipokoma, wako walimu, na iko sheria. Ngumi zetu hazikutajwa popote. Kwa yule aliaye, tunyamaze, tutandike godoro.

Wapo watakaosema kuwa nimekuwa mlegevu katika jambo la Mungu. Nawajibu kuwa sikusema kufuru ni njema. Nimesema kuchukizwa ni haki ya moyo, lakini kupiga na kuchoma si haki ya mkono. Watu husema Mungu si Athumani, nao humaanisha kuwa yeye hapendelei wala hasahau, na hukumu yake haina haja ya kuharakishwa na binadamu. Msemo huo huo ungeweza kumwudhi mtu mwenye haraka, akasema jina la Mungu limelinganishwa na la mtu. Walakini tumeutumia miaka mingi kwa amani, kwa kuwa twajua wasemao wana kusudi gani.

Mtihani wa Taifa u karibu, na baada yake kila mmoja wetu atakwenda kukaa na watu asiowajua, wa dini asizozijua, katika nyumba za kupanga, karakana, vyuo na kambi. Hatutakuwa na kiranja wala mwalimu wa zamu wa kutuuliza swali. Basi na tujizoeze sasa, tungali pamoja, kuuliza wenyewe kabla ya kukasirika: huyu amesema nini, amekusudia nini, naye ana msiba gani?