Usiku wa Kairo na Deni Tulilorudi Nalo



Wasomaji wetu watukufu, huenda mkastaajabu kumwona sheikh mwenye mvi akiandika habari za starehe za usiku. Neno lenyewe kwetu limekwisha kuharibika. Likitajwa, mtu hufikiri ulevi na kumbi za ngoma. Lakini usiku ni neema ya Mwenyezi Mungu kama ulivyo mchana, na Kairo ulituonjesha usiku mmoja ambao mpaka leo hatujamaliza kuutafakari.

Ilikuwa mwezi wa Rajab, katika baridi ya Januari. Tulikuwa watu wanne: sisi, rafiki yetu muuza vitambaa, mwalimu mwenzetu wa madrasa, na kijana tuliyemsomesha juzuu ya Amma akiwa mtoto, ambaye leo anasoma Al-Azhar. Mchana tulizuru kaburi la Imamu Shafi, aliyefariki katika mji huo mwaka wa 204 Hijria, na ambaye madhehebu yake ndiyo wengi wetu wa pwani tunayoyafuata. Tulirudi tumechoka, tukadhani baada ya Isha hakuna ila kulala. Kijana wetu akacheka. "Maalim," akasema, "Kairo bado haujaamka."

Tukapanda teksi. Dereva, alipojua kwamba sisi ni wageni, akatushauri atupeleke njia ya Haram, ile iendayo kwenye mapiramidi, ambako kuna kumbi za ngoma na vileo. Tukamshukuru kwa ukarimu wake, tukamwomba atupeleke kwa Sayyidna Hussein. Hakuudhika. Alitutazama katika kioo chake, akatabasamu, akapunguza sauti ya muziki.

Uwanja wa Hussein ulikuwa umejaa watu kama siku ya Idi. Upande wa pili wa barabara unasimama msikiti wa Al-Azhar, uliofunguliwa mwaka 972, na baina ya misikiti hiyo miwili watu hupita kama maji. Tukaingia katika vichochoro vya Khan el-Khalili, tukaketi katika mkahawa wa El Fishawy, wenye vioo vikubwa vya kale ukutani, ambako mwandishi Naguib Mahfouz, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1988, alizoea kuketi. Tukanywa chai ya nanaa na sahlab ya moto, kinywaji kizito cha maziwa kinyunyiziwacho njugu na mdalasini, ambacho kwa baridi ile tulikiona ni dawa.

Kutoka hapo tukatembea barabara ya Al-Muizz kwa miguu. Taa ziliangaza kuta za msikiti wa Al-Aqmar, uliojengwa mwaka 1125, na majengo ya Sultani Qalawun ya karne ya 13, ambamo mlikuwa na madrasa na hospitali pamoja. Mwalimu mwenzetu alisimama kila mlangoni akijaribu kusoma maandishi ya mawe, nasi tukamngoja kila mlango.

Mwisho kijana wetu akatupeleka kwenye daraja la Qasr al-Nil, lenye simba wa shaba wanaolinda ncha zake mbili. Ilikuwa yapata saa sita za usiku. Na hapo ndipo tulipoyaona yaliyotugusa.

Daraja zima lilikuwa la jamaa na familia. Bibi kizee amekalishwa kwenye kiti cha plastiki, amefunikwa shali, wajukuu wanamzunguka. Baba amembeba mtoto mabegani. Mke na mume wameegemea ukingo, wanakula kiazi kitamu kilichochomwa katika tanuri la mkokoteni, wanagawana kwa mkono mmoja. Akina mama wa hijabu wanacheka kwa sauti, wala hakuna anayewakodolea macho. Chini yetu mashua zenye taa za rangi zilipita na muziki wake. Si kila tulichokiona kilitupendeza, lakini furaha ya watu wale tuliijua kuwa ni halali.

Rafiki yetu muuza vitambaa akatugeukia. "Sheikh," akasema, "ile darsa yako ya kwamba mwanamke akishaswali Magharibi nyumba ndiyo stara yake, hapa ungeitoa vipi?" Tulitaka kumjibu kwa dalili. Tukanyamaza.

Tukapiga simu nyumbani tukidhani mama watoto amelala, maana Mombasa ilikuwa saa saba. Kumbe alikuwa macho, akimbembeleza mjukuu mwenye homa. Akauliza zile ni kelele za nini. Tukamweleza daraja, mto, mabibi na viazi. Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Hata mimi napenda upepo, Maalim. Mara ya mwisho uliponipeleka baharini usiku, mama yake huyu mjukuu alikuwa tumboni."

Hakusema kwa ugomvi. Angesema kwa ugomvi, tungepata la kujibu.

Tulirejea hotelini saa nane, na hapa lazima tuseme kweli juu ya nafsi zetu. Alfajiri ya jamaa ilitupita. Tuliamka jua likikaribia kuchomoza, tukaswali chumbani kwa haraka, sisi tuliokwenda kuzuru kaburi la Imamu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, na asubuhi ile hekima yake tuliiona kwa macho. Starehe iliyo halali, ikikunyima faradhi, imekuibia.

Lakini ni Mtume huyo huyo ambaye Ibn Abbas alimsikia akizungumza kitambo na ahli yake usiku, katika nyumba ya Bi Maymuna, kabla ya kulala. Na Bi Safiyya alipomtembelea usiku msikitini akiwa katika itikafu, aliinuka akamsindikiza. Hadithi hizi tumezisomesha miaka mingi, wala hatukuwahi kujiuliza ni lini sisi tuliinuka.

Ndugu zetu wanaume, tusidanganyane. Sisi wa pwani tuna starehe za usiku kila siku, ila hatuziiti hivyo. Baada ya Isha tunakaa barazani, kahawa chungu inapita, siasa na soka vinajadiliwa mpaka saa tano. Nyumbani kuna mtu aliyepika, akaosha, akalaza watoto, na upepo wake ni ule unaopita dirishani. Kisha tunasimama juu ya mimbari tukamsifu kwa subira yake.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurejea, tuliswali Isha, hatukwenda barazani. Tukamchukua mama watoto, binti yetu na mjukuu aliyekwisha kupona, tukaenda Mama Ngina, upande wa Lighthouse. Tukanunua mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, na madafu. Meli moja kubwa ilikuwa ikiingia bandarini polepole, mjukuu akaipungia mkono mpaka ikapotea. Saa nne tulikuwa tumekwisha kurudi, na Alfajiri haikutupita.

Tulipofika mlangoni, mama watoto akavua viatu, akauliza swali moja tu: "Na Ijumaa ijayo?"

Darsa yetu ile tumeirekebisha. Stara tunaiacha pale pale, kwani ni amri, bali tumeongeza mlango wa wajibu wa mume katika kuwaburudisha ahli zake. Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zetu usiku na mchana, na atupe wepesi wa kulipa madeni ya wale wasiotudai. Amin.