Mafuta ya Kula na Mafuta ya Motokaa

Hakuna hata mmoja wetu asiyezijua motokaa za dizeli. Twazitambua kwa mngurumo wake mzito, na kwa moshi mweusi ziutoao zikipanda mlima. Habari zatufikia kwamba huko Ulaya zile ndogo za abiria zakaribia mwisho wake, na wako wasemao kwamba zitaokolewa na mafuta ya mimea. Mtu aweza kusema, Hayo ni mambo ya Wazungu, yatuhusu nini? Yatuhusu kwa njia mbili. Motokaa zilizokwisha kutumika ng'ambo, Japani na Uingereza, hushushwa Mombasa na Dar es Salaam, nasi ndio tunaozizika. Tena mafuta ya mimea hayaoti ndani ya chupa. Hutaka shamba, na shamba linalotazamwa mara nyingi ni letu.

Tuanze na asili yake. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Aliona jinsi mitambo ya mvuke ya siku zile ilivyopoteza bure joto la makaa, akatafuta mtambo usiopoteza hivyo. Shauri lake lilikuwa hili. Mwenye kutia pumzi gurudumu la baiskeli huona pampu yapata moto mkononi, kwa kuwa hewa ikishindiliwa hupata joto. Basi Diesel alitaka kuishindilia hewa sana, hata iwe na joto la kuwasha mafuta yenyewe, pasipo cheche kama ile itumikayo katika injini ya petroli. Aliliandikisha shauri hilo mwaka 1892, na mwaka 1897, mjini Augsburg, mtambo wake ulionyesha kwamba waweza kugeuza robo nzima ya joto la mafuta kuwa kazi.

Yafuatayo wengi hawayajui. Mwaka 1900 yalifanyika maonyesho makubwa mjini Paris, na hapo injini moja ndogo ya namna ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ilikwenda vizuri hata watu wachache tu walitambua kwamba mafuta yake si ya kawaida. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jambo hilo lijaribiwe, maana iliyafikiria makoloni yake ya Afrika, ambako karanga zilistawi. Kwa hiyo tangu mwanzo injini hii na shamba la Mwafrika vimetajwa pamoja. Diesel mwenyewe aliandika mwaka 1912 kwamba mafuta ya mimea, ingawa wakati ule yalionekana kuwa kitu kidogo, huenda siku moja yakawa na maana kama mafuta ya ardhini. Mwaka uliofuata alipotea baharini usiku, alipokuwa akisafiri kwa meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza.

Mafuta ya mimea yana taabu moja: ni mazito. Yakitumiwa jinsi yalivyo kwa siku nyingi, huziba matundu membamba ya kunyunyizia, tena huacha masizi magumu ndani ya injini. Dawa yake ilipatikana Ubelgiji. Mwaka 1937 G. Chavanne, wa Chuo Kikuu cha Brussels, aliandikisha njia ya kuchanganya mafuta ya mawese na spiriti, ili gliserini iliyomo itengwe na yabaki mafuta mepesi. Mawese yenyewe yalitazamiwa kutoka Kongo. Mwaka 1938 basi la abiria lilikwenda kati ya Brussels na Louvain kwa mafuta hayo. Njia hiyo, kwa spiriti ya namna nyingine, ndiyo itumikayo hata leo kufanya mafuta yaitwayo biodizeli. Lakini mafuta ya ardhini yalikuwa rahisi kuliko yote, na shauri la mawese likasahauliwa kwa miaka mingi.

Motokaa ndogo za dizeli nazo zilianza kuuzwa katika miaka ile ile. Mercedes-Benz 260 D ilionyeshwa Berlin mwaka 1936. Zilipendwa na wenye teksi, kwa kuwa zilitumia mafuta kidogo na kudumu sana. Baadaye serikali nyingi za Ulaya zilipunguza kodi ya dizeli, hata kufika mwaka 2011 zaidi ya nusu ya motokaa mpya katika Umoja wa Ulaya zilikuwa za dizeli. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa wanadamu. Mwaka 2015 ikafunuliwa Marekani kwamba kampuni ya Volkswagen ilikuwa imetia katika injini zake hila ya kupunguza sumu wakati wa kupimwa tu. Motokaa zenye hila hiyo zilikuwa kama milioni 11 duniani. Mwaka 2018 mji wa Hamburg ulizikataza dizeli za zamani katika barabara zake mbili, na mwaka 2019 London ikaanza kuzitoza fedha ziingiapo katikati ya mji. Mwaka 2024, katika kila motokaa mpya 100 zilizouzwa katika Umoja wa Ulaya, za dizeli zilikuwa kama 12 tu.

Je, mafuta ya mimea yataziokoa? Sisi twaona kwamba hayataziokoa, kwa sababu mbili. Kwanza, sumu iliyozifanya zichukiwe mijini haitoki katika mafuta peke yake. Ndani ya injini mna joto kali sana, na kwa joto hilo naitrojeni ya hewa huungana na oksijeni, ikawa hewa ya kuchoma mapafu. Mafuta yakiwa ya karanga, joto ni lile lile. Masizi yaweza kupungua, lakini sumu ile haiondoki.

Pili ni hesabu, na kila mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii. Chukueni tangi la motokaa lenye lita 60. Nyumba moja ikitumia nusu lita ya mafuta ya kupikia kila juma, tangi hilo lingeitosha majuma 120, yaani zaidi ya miaka miwili. Na motokaa ikitumia lita 10 kwa kilometa 100, mafuta hayo hayo yamekwisha baada ya kilometa 600. Hayatoshi kwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam na kurudi. Chungu cha miaka miwili chaishia katika safari moja, na safari yenyewe haikutimia. Mwenye motokaa ana fedha kuliko mwenye chungu. Wakikutana sokoni kununua mafuta yale yale, twajua ni nani atakayeondoka mikono mitupu.

Hatusemi haya kwa kubahatisha, maana nchi yetu ya Tanzania imekwisha kuyaona. Bei ya mafuta ya ardhini ilipopanda katika miaka ya 2005 hata 2008, makampuni ya kigeni yalikuja na habari za mbono, mti ambao wazee wetu waliupanda kuwa ua, kwa kuwa ng'ombe hawauli. Ilinenwa kwamba mbono hustawi katika ardhi mbovu isiyo na maji. Kweli huishi humo, lakini hauzai. Ukitakiwa kuzaa sana wataka ardhi njema na maji kama mahindi. Wilayani Kisarawe kampuni moja ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 za vijiji. Mwaka 2011 ikaanguka, na watu waliopata kibarua humo wakarudi nyumbani. Wilayani Kilwa kampuni ya Uholanzi ilipata nchi kubwa zaidi, nayo ikafilisika.

Hasara ya fedha ilikuwa ya makampuni. Hasara ya wanavijiji ni ya namna nyingine. Kwa sheria yetu, ardhi ya kijiji haipewi mgeni mpaka kwanza ihamishwe, iwe ardhi ya jumla. Na mgeni akifilisika, ardhi hairudi yenyewe mikononi mwa kijiji. Twamkumbuka yule mjane wa siku za Elisha, ambaye mdai alikuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Aliuza mafuta, akalipa deni, akaishi na wanawe kwa kilichobaki. Mafuta yake yaliwakomboa watoto. Mafuta yanayowaondolea watoto ardhi yao hayafanani na yale.

Hata hivyo si haki kulaumu kila mmea wa mafuta. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu katika Makueni, nchini Kenya, na mwaka ule ule mafuta ya kwanza yakapakiwa melini kwenda Gela, katika kisiwa cha Sicily, yafanywe mafuta ya injini. Nyonyo ni moja ya mbegu hizo, na nyonyo haziliwi. Mkulima akizipanda katika shamba lake mwenyewe, asipunguze chakula chake, na bei ikiwa ya haki, amepata faida, na ardhi ni yake bado. Tena huko Ufini, tangu mwaka 2007, hufanywa dizeli njema kwa kuyapika mafuta pamoja na haidrojeni, na hata mafuta yaliyokwisha kukaangiwa na mafuta ya wanyama yasiyoliwa hufaa kwa kazi hiyo. Hayo ndiyo mafuta yasiyomnyima mtu chakula. Lakini makombo hayawezi kuwa mengi kuliko karamu. Hayatatosha motokaa zote duniani, na kwa hiyo yafaa yawekwe kwa kazi zisizo na njia nyingine kwa urahisi: meli, malori ya safari ndefu, matrekta ya kulimia. Motokaa ndogo ya kumpeleka mtu mmoja ofisini yaweza kwenda kwa umeme. Waethiopia, ambao umeme wao karibu wote hutoka katika maji ya mito, walikataza mwaka 2024 kuingizwa kwa motokaa ndogo za petroli na dizeli.

Basi kwetu dizeli haitakwisha kesho, wala hatuwezi kuzifukuza motokaa ambazo ndizo zinazotuchukulia wagonjwa na mazao. Nchi za Afrika Mashariki zilifanya jambo jema mwaka 2015, zilipokubali dizeli isiyo na salfa kupita sehemu 50 katika milioni, maana salfa huharibu vichujio vya moshi. Lakini sheria njema yataka mtu mwema. Fundi anayeling'oa chujio lililoziba badala ya kulisafisha, na mwenye motokaa anayemlipa afanye hivyo, huuweka moshi katika vifua vya watoto waendao shule kando ya barabara. Watoto hao ni wetu.

Nasi walimu na wazee wa vijiji tuna kazi yetu. Mgeni akija na mbegu mpya na karatasi ya kutia sahihi, tusimfukuze wala tusimkimbilie. Tumwulize: Mbegu hii yazaa kiasi gani, na katika ardhi gani? Nani mwingine ameipanda, na sasa yu hali gani? Ukiondoka, ardhi ni ya nani? Majibu yaandikwe, yasomwe mbele ya wote, wanawake na vijana wakiwapo. Wahenga walituonya, Usiache mbachao kwa msala upitao. Shamba la mahindi ni mbacha wetu. Limechakaa, lakini ndilo tulilalo.