Mteremko wa Nyuma ya Kanisa

Laurel, Maryland

14 Septemba 2024

Kikao cha kamati ya majengo leo kimekuwa kirefu kuliko ibada. Hoja ni mteremko wa nyuma ya kanisa, ekari moja na ushee ya ukoka. Hakuna anayekaa pale, hakuna anayepiga mpira pale, hata maharusi hawaendi kupiga picha. Kazi ya ukoka huo ni kukatwa tu, na mkataji ni mimi. Wenyeji tunaotumia nao jengo (wao asubuhi kwa Kiingereza, sisi mchana kwa Kiswahili) wanataka pageuzwe mbuga ya majani marefu na maua, na ukanda wa chini kando ya kijito upandwe miti. Wanasema ni kwa ajili ya maji.

Mzee wa kanisa alisimama akasema nyumba ya Mungu haiwezi kuachwa ionekane kama gofu. Mama Mchungaji akauliza habari za nyoka. Halafu wote wakanigeukia mimi, wakidhani nitaitetea mashine yangu. Nitaitetea, ila si pale. Mteremko ule ndio unaomaliza visu vyangu, na ukilowa mashine ya kupanda huteleza kuelekea kijitoni nami nikiwa juu yake.

Nilimjibu Mama jambo la nyoka tu: jimbo hili lote lina aina mbili za nyoka wenye sumu, wengine hawana. Wa kuogopa ni kupe, wadogo kuliko mbegu ya ufuta, wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme. Kwa hiyo kwenye njia ya kupita majani lazima yakatwe mafupi, nayo njia iwe pana. Mama aliandika kwenye daftari lake, "njia pana," akapiga mstari chini.

17 Septemba

Binti yangu amenitafutia takwimu. Mwaka 2005 watafiti wa NASA, wakiongozwa na Cristina Milesi, walikadiria kwamba ukoka wa Marekani nzima, majumbani, maofisini na kwenye viwanja vya gofu, unafikia kilomita za mraba 163,800 hivi. Ni zaidi ya mikoa miwili ya Tabora. Ni karibu sawa pia na bonde lote linalomwaga maji yake Ghuba ya Chesapeake, majimbo sita na mji wa Washington, ambalo ni kama kilomita za mraba 166,000. Kwa hesabu hiyo, ukoka ndio zao linalomwagiliwa kwa eneo kubwa kuliko yote nchini humu, na halina anayelila. Ng'ombe wangapi wa Lushoto wangenenepa!

Lakini nisiwe kama wale wanaoupiga ukoka mawe bila kuufahamu. Ukoka mnene, uliooteshwa vizuri kwenye udongo mzuri, hushika mbolea nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kasoro huanza chini yake. Nimeona mitaa hii ikijengwa. Buldoza linakwangua udongo mweusi wa juu, unauzwa au unarundikwa pembeni. Malori na makatapila yanashindilia udongo mwekundu uliobaki kwa miezi. Mwishoni linakuja lori la mikeka ya majani, inakunjuliwa juu ya ule udongo mgumu, inamwagiliwa, nyumba inauzwa. Mizizi ya ukoka wa namna hiyo huishia vidole vichache tu. Mvua ikija, sehemu kubwa ya maji hupita juu na kuteremka.

21 Septemba

Nilikata kitako cha kopo la nyanya kwa grainda, likabaki wazi pande zote mbili, nikaenda nalo mteremkoni na mzee wa kanisa nikamchukua kwa makusudi. Nikaligongea chini kwa kipande cha ubao mpaka likaingia nusu. Nikajaza maji. Tukasimama. Tukazungumza habari za mtoto wake aliyeko chuoni, tukazungumza bei ya mbuzi, tukachungulia: maji yapo, yameshuka kidogo tu, na kisiafu kimoja kinaelea.

Tukavuka uzio tukaingia kwenye kijipori cha jirani, chini ya mialoni. Kule kopo liliingia kwa kusukumwa na kiganja. Nilimimina maji, na kabla sijainua chupa vizuri yalikuwa yamekwisha. Mzee akasema, "Mimina tena." Nikamimina. Yakanywewa vilevile. Akapiga goti kuangalia, na suruali ile ilikuwa ya kanisani. Tuliporudi kwenye gari hakusema ameshindwa, wala mimi sikumwuliza.

5 Oktoba

Kijito chetu hakina jina kwenye ramani niliyo nayo. Kinapita kwenye kalvati chini ya barabara, kinaingia mto Patuxent, na Patuxent unaingia Chesapeake.

Nasoma habari za Bernie Fowler. Alikuwa kiongozi wa kaunti ya Calvert, kule chini mto unakokaribia ghuba, baadaye seneta wa jimbo. Ujanani mwake aliweza kuingia mtoni mpaka kifuani na bado akaona miguu yake. Miaka ya 1970 kaunti tatu za kusini zilienda mahakamani, yeye akiwa mbele, kwa sababu maji machafu ya miji ya juu yalikuwa yanawashukia wao. Mwaka 1988 akaanza jambo ambalo profesa hangeliwaza: kila Juni anaingia mtoni na watu wameshikana mikono, amevaa raba nyeupe, anatembea mpaka raba zisionekane tena. Akitoka, wanapima mstari wa maji kwenye nguo yake. Hicho ndicho kipimo. Alifariki Desemba 2021 akiwa na miaka 97, na maji hayajarudi kuwa kama ya ujana wake.

Mitambo ya maji taka imeboreshwa kweli. Kwa sheria ya 2004 karibu kila kaya ya Maryland inalipa ada, watu wanaiita kodi ya choo, na 2012 ikaongezwa maradufu. Bomba ni rahisi kulikamata: lina mwenyewe, lina mdomo, unaweka chujio. Paa, maegesho na nyasi za watu milioni kadhaa utazikamatia wapi? Naitrojeni na fosforasi zinazoteremka hurutubisha mwani mdogo wa majini, mwani unatanda na kufunika mwanga wa nyasi za baharini, ukifa unaoza, na kuoza kunamaliza oksijeni ya chini. Kaa wanakimbia. Chaza hawana miguu.

Hata mbolea tuna sheria yake. Tangu Oktoba 2013 huruhusiwi kuweka fosforasi kwenye ukoka uliokomaa mpaka udongo upimwe uonekane unaihitaji, huruhusiwi kuweka mbolea mvua kubwa ikitarajiwa, na iliyomwagikia lami ni lazima uifagie. Nimeona wenzangu wa kazi wakiipuliza kwa mashine ya upepo mpaka mtaroni.

9 Novemba

Oktoba nzima imepita karibu bila mvua. Ukoka umekauka umekuwa rangi ya gunia. Kamati, iliyokwisha kuikubali mbuga, inataka dawa ya kuua majani ipigwe tumalize. Nimekataa. Dawa huingia kupitia jani linalokua, na jani lililolala halinywi kitu, utakuwa unachafua bure. Tusubiri mvua, majani yachipue, ndipo tupige. Kuna waliochukia wazo lenyewe la dawa, na nawaelewa. Lakini kupanda mbegu za asili juu ya ukoka ulio hai ni kuwalisha ndege.

Mtu mmoja akasema kwa nini tusiache tu kukata, ardhi ijiponye. Hapa Maryland ukiacha tu, unaletewa majani ya vichakani yaliyotoka Asia, waridi la miiba lililotoka huko huko, na mipeasi ya mapambo iliyotoroka kwenye maegesho ya maduka. Ardhi iliyokwanguliwa na buldoza haikumbuki ilikuwa nini. Lazima uilete mbegu.

14 Desemba

Mvua ilirudi, tukapiga dawa, na sasa tumepanda. Mbegu za asili nyingine ni nyepesi hata pumzi inazipeperusha, kwa hiyo tulizichanganya na mchanga wenye unyevu kwenye ndoo, ili mkono ujue ulikopita, kisha tukarusha kwa mapana na kukanyaga. Hazifukiwi. Baridi ya miezi hii ndiyo inayozifungua, bila hiyo nyingi hazioti. Mchanganyiko wetu una zile nyasi za mashina zinazogeuka rangi ya kutu majira ya baridi, mizizi yake hushuka zaidi ya mita moja. Una ua la jimbo, la njano lenye kitovu cheusi. Na ule mmea wa maua ya rangi ya chungwa ambao vipepeo monaki hutagia mayai.

Nilitembea mteremkoni nikimkumbuka baba. Kwetu Mlalo, Usambara, Waingereza walikuja na mpango wa kuzuia mmomonyoko miaka ya 1940, wakawalazimisha watu kuchimba matuta, faini juu ya faini, na miaka ya 1950 ilipokuwa inaelekea mwisho watu walikuwa wameukataa. Baba alichukia neno lenyewe matuta hadi anakufa. Lakini miaka ya 1980 ulipokuja mradi mwingine Lushoto na majani ya gwatemala ya kupanda kwa mistari ya kukinga mteremko, alipanda, maana ng'ombe waliyala. Hili nimeiambia kamati: kama hatuwapi watu kitu cha kuwafaa, mwaka wa pili wataniita na mashine.

26 Aprili 2025

Miti imepandwa kijitoni: mialoni, mibetula, na mikuyu ya huku yenye magome yanayobambuka. Kila mche umo ndani ya mrija wa plastiki kwa ajili ya kulungu, ambao wangeimaliza kwa usiku mmoja. Juu ya mrija kuna soksi ya wavu. Nilidhani ni urembo, kumbe ndege huingia kutafuta pa kutagia na hawawezi kutoka. Vijana wa Jumapili walishindana kuvalisha soksi.

Jirani wa juu ameuliza kama tuna kibali, kwa kuwa chama cha wenye nyumba cha mtaa wao kinakataza majani marefu. Sisi hatumo katika chama hicho. Na hata hivyo, tangu Oktoba 2021 sheria ya Maryland hairuhusu vyama hivyo kumlazimisha mtu awe na ukoka, baada ya wenye nyumba wawili wa Columbia, hapo jirani tu, kubishana na chama chao miaka kadhaa kuhusu bustani yao. Nilimweleza kwa upole. Akaniuliza nitatoza kiasi gani kwa uwanja wake wa nyuma.

14 Juni

Leo nimekata mbuga. Watu hawaamini, ila mwaka wa kwanza lazima ukate, tena zaidi ya mara moja. Magugu ya mwaka mmoja hurefuka haraka na kuifunika miche ya asili ambayo kwa sasa inashughulika na mizizi. Nimeinua kisu mpaka kama sentimita 20, nikapita juu ya vichwa vya magugu bila kuigusa miche. Mzee wa kanisa alisikia mashine akatoka nje anatabasamu, akidhani tumeghairi. Nikamwinamisha nikamwonyesha: majani yenye manyoya, chini kabisa. Ua la jimbo. Halitachanua mwaka huu.

12 Julai

Mvua kubwa jana jioni. Nilikwenda na mwavuli. Kijito kilikuwa cha rangi ya chai ya maziwa kama kawaida. Sitamdanganya mtu. Tope lile jingi linatoka kingo zake chenyewe, zinazobomolewa na maji ya maegesho ya maduka huko juu, na hayo hatuyamiliki. Naitreti iliyokwisha kuzama ardhini miaka iliyopita itaendelea kutokeza mtoni kwa miaka, hata mbuga ikistawi vipi. Kikomo cha uchafu wa ghuba kiliwekwa 2010, na mwaka wa kukamilisha kazi ni huu wa 2025. Kazi haijakamilika. Kwenye mteremko wenyewe, hata hivyo, sikuona vile vijimto vya maji vilivyokuwa vikipita kati ya ukoka.

19 Julai

Yule jirani wa juu amenitafuta tena. Anataka mbuga mbele na nyuma, kwa sababu ameona picha. Nikaenda kupaona. Uwanja wake ni tambarare, watoto wanauchezea, una kivuli cha mwaloni mkubwa. Lakini bomba la paa lake linamwaga kwenye njia ya gari, na njia ya gari inamwaga barabarani. Mvua ya milimita 25 juu ya mita za mraba 100 za paa ni lita 2,500. Nikamwambia: kwanza nigeuze bomba lielekee kwenye ukoka, mbali na msingi. Nitoboe ardhi ya pembeni ilegee, nipande kipande kidogo cha maua hapo maji yanapofikia. Watoto waachie uwanja wao.

Bei yake haifiki hata robo ya ile aliyokuwa anaifikiria. Shemeji, tunayefanya naye kazi, amenuna tangu saa sita. Nimemwambia kwamba yule wa nyumba ya pembeni, mwenye mteremko unaoishia kijitoni, ndiye wa kumfuata kwa mbuga. Jumatatu ataenda na kopo.