Gunia la mawe uvunguni

Kutoka Mpanda hadi Inyonga siku hizi ni lami, abiria wanasinzia. Pembeni ni miombo, na juu ya miti mizinga ya nyuki. Sikwenda kutafuta habari, nilikwenda kumsalimia shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, karibu asali."

Habari niliikuta uvunguni mwa kitanda. Binamu yangu alirudi kutoka machimbo ya upande wa Mpanda na gunia la mawe yenye ukijani. Shaba. Mnunuzi alimwambia mawe ghafi hayatoki nchini siku hizi, asubiri. Amesubiri miezi minne.

Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje, na makontena 277 yakashikiliwa bandarini Dar es Salaam. Lengo ni kuchenjua hapahapa, na mimi naliunga mkono. Reli ya Mpanda ilijengwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, yakasombwa kwenda kuneemesha viwanda vya wengine. Aprili 2025 China iliweka vibali kwa aina saba za madini adimu, na baadhi ya viwanda vya magari Marekani, Ulaya na Japani vikasimamisha kazi kwa muda. Lakini China ina mitambo ya kusafisha. Binamu ana gunia.

Na gunia limetoboka. Mjukuu wa shangazi, mwaka na nusu, alikuwa amekaa pale akilamba kijiwe. Nilimnyang'anya, akalia nyumba nzima. Miamba ya Mpanda shaba hukaa pamoja na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inadhoofisha ubongo kimyakimya. Mtoto anacheza kama kawaida.

"Nikiweka nje wataiba," binamu alisema.

Tulilihamishia banda la mizinga, tukatia kufuli. Chumba tulikifuta kwa tambara bichi, maana kufagia kunarusha vumbi. Mtoto tukamwosha, na shangazi akaahidi kumpeleka hospitali, aulize kuhusu kipimo cha damu.

Jioni binamu alinisindikiza stendi, amenibebea asali kwenye chupa ya maji.

"Dada, wewe unaandika magazetini. Hicho kiwanda cha kuchenjua sisi wadogo tutakifikia lini?"

Basi likapiga honi.